Maswali ya Maumbile (3): Wanyama Wanaosingiziwa

Maswali yanayoletwa na wasomaji wa makala hizi ni ya namna mbili. Yapo yanayouliza mambo ya dunia yalivyo: mvua hutoka wapi, kwa nini bahari hujaa na kupwa, pepo za kusi na kaskazi hupishana vipi. Hayo tuliyashughulikia katika sehemu mbili za mwanzo. Yapo pia yanayokuja kama mashitaka. Je, ni kweli bundi huleta kifo? Je, ni kweli popo hunya kwa mdomo? Je, ni kweli fisi huwa dume mwaka huu na jike mwaka ujao? Nilipoyaweka pamoja haya ya kundi la pili, nikaona kwamba washitakiwa karibu wote ni wanyama wa usiku. Hakuna aliyemshitaki njiwa wala punda.

Si ajabu. Binadamu ni kiumbe wa mchana. Giza likiingia huona kidogo, husikia nusu nusu, na pale macho yanapokomea ndipo kukisia kunapoanza. Kisio likirudiwa na watu wengi hugeuka habari, na habari ikirithiwa hugeuka ushahidi. Leo nitayachukua mashitaka hayo moja baada ya jingine: watu wameona nini, waliochunguza wamegundua nini, na hukumu yetu inatugharimu nini.

Je, bundi akilia juu ya paa kuna mtu atakufa?

Bundi wako wengi, lakini anayebeba lawama kubwa ni yule mweupe anayeishi karibu na watu. Uso wake una umbo la moyo. Kifua na upande wa chini wa mabawa ni vyeupe. Hajengi kiota, hutafuta uwazi uliokwisha kuwapo, ndiyo maana hukaa darini, kwenye minara, maghala na magofu. Sauti yake haina ule mguno mzito wa bundi wengine. Ni yowe kali la kukwaruza, linaloweza kudhaniwa ni la mtu aliyevamiwa. Basi mpita njia akiona kitu cheupe kikielea juu ya gofu bila kishindo, kisha akasikia yowe, haongopi anaposimulia kesho yake. Alichokosea ni kumtambua aliyemwona.

Ukimya wa kuruka kwake una sababu tatu, zote kwenye manyoya. Ukingo wa mbele wa bawa una vijino vidogo vilivyopangika mithili ya chanuo, ambavyo huupasua upepo vipande vidogo usivume. Ukingo wa nyuma una nyuzi laini zinazotuliza hewa inapoachana na bawa. Na juu ya manyoya yenyewe kuna malaika laini yanayozuia unyoya mmoja usisuguane na mwingine. Bundi anahitaji ukimya huo kwa mambo mawili: panya asimsikie, na yeye amsikie panya.

Maana silaha kuu ya bundi huyu ni masikio. Uso wake mpana hukusanya sauti na kuielekeza kwenye matundu ya masikio yaliyofichwa chini ya manyoya, na matundu hayo hayalingani. Moja liko juu kidogo kuliko jingine. Sauti ya panya ikitoka kushoto hufika sikio la kushoto mapema kuliko la kulia, kwa tofauti inayohesabika kwa sehemu za milioni za sekunde. Ikitoka chini, sikio moja huipata kwa nguvu kuliko jingine. Ubongo wa bundi huziunganisha hesabu hizo mbili ukajua panya yuko wapi hasa. Mmarekani Roger Payne, aliyekuja kuwa maarufu kwa utafiti wa nyimbo za nyangumi, alilithibitisha jambo hili kwa kumweka bundi katika chumba chenye giza totoro. Bundi alimnasa panya kwa kusikia mchakato wa majani tu. Panya alipofungwa mkiani kitu kikavu chenye kuchakarisha, kisha akapitishwa mahali ambapo nyayo zake hazisikiki, bundi alikishambulia kile kitu, panya akanusurika.

Wanaosema bundi huzungusha kichwa mzunguko mzima wamezidisha kidogo. Macho yake ni marefu na yamekazwa ndani ya fuvu, hayawezi kugeuka kama yetu, kwa hiyo lazima ageuze kichwa. Shingo yake ina pingili 14, mara mbili ya zile za binadamu au twiga, na humwezesha kugeuka robo tatu ya duara kila upande. Hilo latosha kumtazama aliye nyuma yake bila kusogeza miguu.

Sasa turudi kwenye kifo. Nyumba yenye mgonjwa mahututi ina taa inayowaka hadi alfajiri, na taa huvuta wadudu, wadudu huvuta mijusi, na makombo ya wageni wanaokesha huvuta panya. Bundi ana kila sababu ya kufika hapo. Tena nyumba hiyo ina watu waliokesha, kwa hiyo analia mbele ya mashahidi. Usiku mwingine hulia vivyo hivyo juu ya paa hilo hilo, watu wakiwa wamelala fofofo, na hakuna anayeandika kwamba bundi alilia na hakuna aliyekufa. Tunahesabu mara alizopatia na kuzisahau mara alizokosea. Kwa hesabu ya namna hiyo hata jogoo angeweza kuwa mpiga ramli.

Kinachojulikana bila kukisia ni chakula chake. Bundi humeza panya mzima, halafu hutema manyoya na mifupa iliyoshikamana kama kidonge. Watafiti huokota vidonge hivyo chini ya viota, huvifungua na kuhesabu mafuvu, na mara nyingi yaliyojaa ni ya panya na virukanjia. Mkulima wa Morogoro anajua panya wa shamba ni msiba wa namna gani. Jike mmoja huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo, na mwaka mvua zikinyesha vizuri wanafukua mbegu za mahindi kabla hazijaota. Nchini Malaysia wenye mashamba ya michikichi huwajengea bundi masanduku ya kutagia. Israel ilianza mpango kama huo mwaka 1983, na baadaye wakulima wa Jordan, nchi ambayo bundi pia alionwa kuwa ndege wa nuksi, wakaufuata. Sisi tunampiga mawe mlinzi ambaye wenzetu wanamjengea nyumba.

Tukumbuke pia kwamba baadhi ya bundi wetu hawako popote pengine duniani. Pemba ina bundi wake mdogo asiyepatikana nje ya kisiwa hicho. Msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, una bundi mwingine mdogo zaidi ambaye, ukiacha msitu huo, huonekana kwenye vilima vya chini vya Usambara tu. Kumuua mmoja wa hao ni hasara isiyoweza kulipwa na nchi nyingine yoyote.

Je, ni kweli popo hunya kwa mdomo, na kwamba ni kipofu?

Shitaka la kwanza lina chanzo kinachoonekana. Popo wala matunda hutafuna embe au tini, hulikamua kwa ulimi kwenye kaakaa, humeza maji yake na kutema makapi. Asubuhi chini ya mti unakuta vidonge vya nyuzi vilivyotoka mdomoni. Aliyeviona kwa mara ya kwanza akadhani ni mavi, na tangu hapo popo hajasafishwa jina. Ukweli ni kwamba popo ana njia ya haja kama mnyama mwingine yeyote, na akitaka kuitumia wakati amening'inia hujigeuza, akashika tawi kwa kucha za mabawa, miguu ikawa chini, asijichafue.

Wala si ndege. Ni mnyama: ana manyoya mwilini, huzaa na kunyonyesha. Bawa lake ni mkono. Vidole vinne vimerefuka kupita kiasi na ngozi ikatandwa kati yake, kidole gumba kikaachwa nje kuwa ndoano. Duniani kuna aina zaidi ya 1,400 za popo, karibu moja katika kila aina tano za wanyama wanyonyeshao. Huning'inia kichwa chini kwa sababu miguu yake ni dhaifu, haimwezeshi kukimbia ili apae. Lakini akijiachia kutoka juu tayari yuko hewani. Hachoki, kwa kuwa uzito wake wenyewe huvuta kano za miguu zikafunga vidole. Hata akifa anaweza kubaki ananing'inia.

Upofu ni uzushi mtupu. Popo wote wana macho, na wale wakubwa wala matunda huona vizuri sana usiku. Walio wadogo, wala wadudu, wameongezewa njia nyingine. Mwaka 1793, huko Pavia nchini Italia, padri na mwanasayansi Lazzaro Spallanzani aligundua kwamba popo aliyepofushwa huruka bila kugonga kitu. Muda mfupi baadaye Louis Jurine wa Geneva aliwaziba popo masikio, wakaanza kugonga kila kitu. Wakati huo hakuna aliyeweza kueleza kwa nini mnyama aongozwe na masikio mahali pasipo na sauti. Jibu lilisubiri hadi 1938, mwanafunzi Donald Griffin wa Chuo Kikuu cha Harvard alipowaweka popo mbele ya chombo kinachonasa sauti nyembamba zisizosikika na binadamu. Chumba kilichodhaniwa kimya kilikuwa kimejaa makelele. Popo alikuwa anapiga kelele na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka ukutani na kwenye mwili wa mdudu.

Na popo wanyonya damu? Wapo, aina tatu, na wote wanaishi Amerika ya Kati na ya Kusini. Afrika hakuna hata mmoja.

Kazi ya popo wetu ni nyingine. Ua la mbuyu hufunguka jioni, ni kubwa, jeupe, lenye harufu nzito, nalo huwangoja popo wala matunda waje kunywa asali na kubeba chavua kupeleka mbuyu mwingine. Mbegu za mitini na miti mingi ya msituni husafiri tumboni mwao. Kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba, mamilioni ya popo wa rangi ya majani makavu hukusanyika kwenye msitu mdogo wa Kasanka, Zambia, wakitokea upande wa Kongo, kula matunda ya msimu. Wanyama wengi kiasi hicho wakipanda mbegu kila usiku, kazi yao hakuna idara ya misitu inayoiweza.

Zanzibar ina kisa kinachofaa kukumbukwa. Popo mkubwa wa Pemba, mwenye mabawa yanayoweza kufikia mita 1.6 yakinyooshwa, hapatikani nje ya kisiwa hicho. Ndugu zake wako Madagascar, Komoro, Shelisheli, Mafia na visiwa vya Asia. Bara la Afrika lenyewe halina hata mmoja wa ukoo huo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kuwindwa na kukatiwa miti, walikuwa wamebaki wachache mno. Ndipo wanavijiji, kwa msaada wa serikali na wahifadhi, walipoanza kuyalinda malalo yao. Kijiji cha Kidike kikaunda klabu ya mazingira na kuanza kupokea wageni wanaolipa ili kuwaona. Hesabu ya mwaka 2007 na 2008 ikakuta popo hao wamekaribia 20,000. Waliookoa mnyama huyu ni watu waliokuwa wakimla.

Haki haimaanishi kufumba macho. Popo wa mapangoni, aina inayoitwa ya Misri ingawa imeenea sehemu nyingi za Afrika, hubeba virusi vya Marburg. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, Uganda, waliambukizwa wakifanya kazi kati ya maelfu ya popo hao. Mkoa wa Kagera ulipata mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2023. Dawa ya hatari hiyo ni kuwaachia mapango yao, kutoshika popo kwa mkono mtupu, na kutokula tunda lililokwisha kung'atwa. Kuwaua au kuwafukuza huwatawanya, na waliotawanyika hatujui wamekwenda kulala wapi.

Je, fisi ni dume na jike kwa pamoja?

Hapa tumefika kwa mshitakiwa mkuu. Fisi ameshitakiwa kwa uchawi, uroho, woga, wizi na jinsia mbili. Miongoni mwa Wambugwe wa Manyara, na jamii nyingine nyingi za bara, alihesabiwa mnyama wa mchawi, afugwaye na kupandwa usiku. Katika hadithi zetu yeye ndiye mjinga anayezidiwa ujanja na sungura. Hebu tuanze na jinsia.

Aliyeanzisha dhana hii hakuota. Fisi madoa jike, kwa kumtazama, ana viungo vya dume. Kinembe chake kimerefuka kikawa na umbo la uume, tena husimama, na midomo ya uke imeungana ikafanya mfuko unaofanana na korodani. Hana uwazi mwingine wa uzazi. Kwa njia hiyo moja hukojoa, hupandwa na kuzaa. Hata wataalamu hulazimika kutazama kwa makini ili kutofautisha. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Aristotle aliandika kuwa habari ya fisi mwenye jinsia mbili ni uongo. Hata hivyo dhana iliendelea, kwa sababu kila aliyemkuta jike ananyonyesha akiwa na "uume" alidhani amepata ushahidi. Fisi dume ni dume maisha yake yote, na jike ni jike.

Umbile hilo lina gharama kubwa. Njia ya kuzalia ni nyembamba na ndefu, na jike anayezaa mara ya kwanza huchanika, huku watoto wake wengi wakifa kwa kukosa pumzi. Pamoja na gharama hiyo, lina faida: dume hawezi kumlazimisha jike. Bila ridhaa yake na utulivu wake, jambo haliwezekani. Na jike huchagua kwa busara. Watafiti wa Ujerumani walioanza mwaka 1996 kuzifuatilia koo zote nane za sakafu ya kreta ya Ngorongoro waligundua kwamba majike vijana hupendelea madume waliozaliwa au kuhamia kwenye ukoo baada ya wao kuzaliwa. Kwa kanuni hiyo moja jike humwepuka baba yake bila kuhitaji kumjua.

Ukoo wa fisi unatawaliwa na majike. Binti hurithi cheo kinachofuata cha mama yake, na dume aliyehamia kutoka ukoo mwingine huanzia chini kabisa, chini hata ya watoto. Ukoo huweza kuwa na fisi 80 au zaidi, na kila mmoja huwajua wenzake kwa sura, harufu na sauti. Ule mwito mrefu unaopanda mwishoni husikika umbali wa kilomita kadhaa, na ndani yake mna sauti ya mwenyewe, mwenzake akaitambua. Kicheko nacho si furaha wala dhihaka. Hutolewa na fisi anayebughudhiwa au mwenye wasiwasi mbele ya chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wembamba wa kicheko huonyesha umri, na mabadiliko ya sauti ndani yake huonyesha cheo. Anayecheka sana mara nyingi ndiye anayeonewa.

Lakini shitaka lililokwenda kombo kuliko yote ni la wizi. Kwa vizazi vingi wageni na wenyeji waliamka asubuhi wakakuta simba juu ya nyumbu, fisi wamezunguka wakingoja, wakahitimisha kwamba simba ameua na fisi wanadoea. Mwaka 1964 Mholanzi Hans Kruuk alianza kuwafuata fisi wa Serengeti na Ngorongoro usiku, kwa mwanga wa mbalamwezi. Alichokiona, na kukieleza katika kitabu chake cha mwaka 1972, kiliwashangaza wengi. Fisi waliua wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, wakikimbiza nyumbu na pundamilia mbio ndefu hadi wakachoka. Ngorongoro, mara nyingi simba ndiye aliyefika baadaye, akawafukuza wenye mali na kuila. Waliokuwa wakingoja pembeni asubuhi walikuwa wawindaji walioporwa. Usiku uliificha kesi, na mchana ukampa haki mwizi kwa sababu ana sura nzuri.

Ni kweli kwamba hula mizoga pia, na ndipo faida yake kwetu ilipo. Meno na tumbo lake huvunja na kuyeyusha mifupa. Kinyesi chake huwa cheupe kwa chokaa ya mifupa hiyo. Mzoga uliobeba kimeta humalizwa kabla haujawa chanzo cha maradhi. Katika mji wa Mekelle, Ethiopia, watafiti walikadiria kuwa fisi huondoa karibu tani 200 za mizoga ya mifugo kwa mwaka, na kwa hivyo kuwapunguzia watu na mifugo kimeta na kifua kikuu cha ng'ombe. Mji wa Harar, nchini humo humo, umezoeana nao hata kuna watu wanaowalisha nyama kila jioni mbele ya kuta za mji. Fisi huua mifugo, hilo mfugaji halihitaji kuambiwa. Kinga yake ni boma la miba lililofungwa vizuri na mbwa wanaobweka. Sumu kwenye mzoga huua fisi mmoja, tai 50 na mbwa wa jirani.

Kwa nini macho ya wanyama huwaka gizani?

Hayawaki. Chumba kikiwa na giza kamili, macho ya paka hayaonekani. Nyuma ya retina ya paka, ng'ombe, mbwa, mamba, chui na komba kuna tabaka linaloakisi mwanga. Mwanga unaopita bila kunaswa mara ya kwanza hurudishwa ukapita tena, na mnyama akapata nafasi ya pili ya kuona. Kinachobaki hutoka nje ya jicho kuelekea kilikotoka, yaani kwenye tochi yako. Binadamu, nyani, ngedere na nguruwe hawana tabaka hilo. Mabaya yake ni kwamba picha hupoteza ukali kidogo, ndiyo maana sisi wa mchana hatukupewa. Kwa hiyo ukimulika kichakani ukaona macho mawili yanang'aa, huenda ni mbuzi wa jirani au chui, na tahadhari ni bora; jini hahitajiki katika maelezo.

Mjusi kafiri na kinyonga je?

Hawa wawili nitawapitia upesi. Mjusi kafiri hana sumu, si ya meno, si ya mkia wala ya mkojo. Kinyesi chake, kama cha kuku, chaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, basi funika chakula. Hatembei darini kwa gundi. Nyayo zake zina vinyweleo vidogo mno, kila kimoja kikigawanyika ncha mamia, na ncha hizo hukaribiana na ukuta kiasi kwamba mvutano wa kawaida uliopo kati ya chembe na chembe hutosha kumshika. Timu ya Kellar Autumn ilipima nguvu ya unyweleo mmoja mwaka 2000. Akiwa hapo hula mbu, nondo na mende bila kukudai kitu. Mwenzake katika kazi hiyo ni buibui mrukaji anayeishi kuzunguka Ziwa Victoria, ambaye, kama watafiti walivyobaini huko Mbita, Kenya, humchagua kwa makusudi mbu jike aliyeshiba damu.

Kinyonga hana sumu pia, wala hageuki rangi ya nguo unayomwekea. Hubadilika kwa hasira, hofu, kutaka jike, baridi na joto. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba ndani ya ngozi ya kinyonga wa Madagascar kuna chembe zilizojaa fuwele ndogo, na anapozitanua au kuzikaza, rangi ya mwanga unaorudishwa hubadilika. Akilala hupauka, ndiyo maana wanaowatafuta kwenye misitu ya Usambara na Uluguru hutoka na tochi usiku. Mchana wangepita karibu naye wasimwone.

Hukumu

Msomaji ataona kwamba karibu kila shitaka lilianza na jambo lililoonekana kweli: kitu cheupe juu ya gofu, vidonge chini ya mwembe, jike mwenye umbo la dume, fisi wamezunguka mzoga. Wazee wetu hawakuwa waongo. Walikuwa waangalifu waliokosa tochi. Sisi tunazo tochi, kamera na vitabu, na tukiendelea kurithi hukumu bila kurudia uchunguzi, lawama ni yetu.

Basi, ndugu msomaji, nina maombi manne. Bundi akikaa darini mwako, mwache, na usitege sumu ya panya karibu naye, kwani panya aliyekula sumu humuua na anayemla. Popo waachie mapango yao na miti yao. Mfugaji, imarisha boma kabla ya kufikiria sumu. Na mtoto akikuuliza kama ni kweli bundi ni mchawi, usimjibu kwa haraka. Muulize amemwona bundi akifanya nini, kisha mtazame pamoja.

Sehemu ijayo itajibu maswali kuhusu mchwa na vichuguu vyao, na kwa nini kumbikumbi hutoka siku moja baada ya mvua. Aliye na swali la mdudu yeyote alilete mapema.